Ukiitwa Kortini Kuwa Shahidi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme juu ya kesi za jinai, kwa kuwa wenzetu wengi wanapigwa na kuibiwa, hasa walinzi wa usiku na wale watokao zamu usiku wa manane, halafu kesi zao zinakufa. Mtu husema, "Serikali imenitupa." Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingine kesi imekufa kwa kuwa shahidi hakujua njia.

Kwanza fahamuni neno hili. Ukipigwa, ukapeleka habari polisi na mtu akashitakiwa, kesi ile si yako tena, ni ya Jamhuri. Wewe u shahidi tu, ingawa damu iliyomwagika ni yako. Tangu Katiba ya 2010, mwenye mamlaka ya kushitaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, wala si mkuu wa stesheni. Hata yeye hawezi kuikatiza kesi bila ruhusa ya korti.

Basi nenda stesheni siku ile ile, uone habari yako imeandikwa katika kitabu cha OB, na uondoke na nambari yake. Ukiwa umeumizwa, omba fomu ya P3 ikajazwe na daktari. Shati lenye damu usilifue. Utakapoandikwa maelezo, usitie sahihi mpaka umesomewa, maana maneno hayo yatakurudia.

Hapa nitasema kosa langu mwenyewe. Zamani nilikuwa shahidi wa wizi katika ghala. Nilimwona mtu akiruka ukuta, ila uso sikuuona vizuri. Polisi waliponiuliza niliogopa kuonekana mjinga, nikasema nimemtambua. Kortini wakili wake akaniuliza: Taa ilikuwa wapi? Hatua ngapi? Alivaa kofia? Jasho likanitoka. Mshitakiwa akaachiliwa, na mpaka leo sijui kama alikuwa ndiye au siye. Ningalisema "uso sikuuona," yale mengine niliyoyaona kweli yangalisikilizwa.

Katika kizimba cha mashahidi utaulizwa mara tatu: na mwendesha mashtaka, kisha na mshitakiwa au wakili wake, kisha na mwendesha mashtaka tena. Yule wa pili atakuuma. Usikasirike, ni haki yake. Na katika korti ya hakimu Kiswahili ni lugha ya korti sawa na Kiingereza, kwa hiyo usijitese na Kiingereza cha kuokota.

Mkimwona mshitakiwa yuko nje, msidhani papo hapo kwamba hakimu amekula hongo. Dhamana ni haki yake, isipokuwa ziwepo sababu nzito za kumnyima. Lakini akikutisha, mwambie mwendesha mashtaka upesi. Sheria ya kulinda mashahidi ipo tangu 2006, na ya kuwalinda waliodhulumiwa tangu 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilisema kwamba aliyedhulumiwa aweza kusikilizwa katika kesi, hata kwa wakili wake, bila kukalia kiti cha mwendesha mashtaka.

Sasa juu ya fedha. Jamaa za mshitakiwa watakuja usiku na shilingi, waseme, "Tumalize kinyumbani." Kwa makosa madogo hakimu mwenyewe aweza kuwapatanisha, mbele yake. Kupokea fedha kwa siri ili kuficha kosa kubwa ni kosa jingine, na hilo ni lako. Wala samansi si barua ya arusi: usipokwenda bila sababu, hakimu aweza kuamuru ukamatwe wewe.

Mpe mwakilishi wetu kazini nakala ya samansi kabla ya siku yenyewe, aipeleke ofisini, nyapara asije akasema umetoroka kazi. Na kama unayemshitaki ni mwajiri, Sheria ya Ajira ya 2007 yasema hiyo si sababu halali ya kukufukuza, maadamu mashtaka yako yana msingi.

Nangoja maswali, na yule ndugu aliyeinua mkono tangu mwanzo aanze.