Tuutunze Wavu Wetu wa Kuchomea Nyama

(Maneno tuliyoyasema mbele ya mkutano wa wanachama watokao Meru na Embu)



Huenda wengine wenu mnashangaa kuona watu wa reli wamesimama kusema habari za wavu wa kuchomea nyama, badala ya habari za mishahara na saa za kazi. Mambo hayo mmeyasikia asubuhi kutoka kwa Katibu, nasi hatuyasahau. Lakini chama ni watu, na watu hula pamoja. Kwetu Meru na Embu hakuna reli. Mtu wa Embu hushuka Sagana kutafuta gari la moshi, na mtu wa Meru huzunguka mlima mpaka Nanyuki. Njia ile ya Nanyuki ilikaa kimya miaka mingi, ikatengenezwa upya mwaka 2020. Basi sisi tuliotawanyika katika njia hiyo twakutana mara chache, na mara nyingi kinachotukutanisha ni mbuzi wa Mbeere au wa Tharaka aliyenunuliwa kwa mchango wa wote.

Tuanze na kisa chetu wenyewe. Genge letu lilikuwa na wavu mmoja mkubwa, uliotengenezwa na fundi wa jua kali kwa nondo nzito. Ulikuwa mali ya wote. Siku moja ya Aprili tulichoma nyama, tukala, tukaimba, tukaenda kulala. Kila mmoja alisema moyoni, "Fulani atauosha." Fulani naye alisema vivyo hivyo. Wavu ukalala nje chini ya mpera, na mvua ikaunyeshea wiki tatu. Tulipourudia ulikuwa mwekundu kama udongo wa Embu, na kutu ikibanduka kwa magamba.

Tukakaa baraza. Wengi walisema tutoe pesa katika sanduku letu tukanunue wavu mpya. Ndipo mzee mmoja wa genge akasimama akauliza, "Pesa hizo tuliweka za nini?" Tukanyamaza, kwa kuwa wote tulijua. Zilikuwa za misiba. Mke wa mwenzetu alikuwa amelazwa hospitali siku zile, na hali yake haikuwa njema. Basi tukakubaliana kuutengeneza ule ule wa zamani. Kabla mwezi haujaisha yule mama alifariki, na pesa za sanduku zikasaidia kumpeleka nyumbani Chuka na kununua jeneza. Laiti tungalizitumia kwa chuma, tungalimtazama mwenzetu kwa uso gani? Tangu siku hiyo twajua kwamba kutunza kitu cha wote ni sehemu ya kutunzana.

Sasa tuwaeleze tulivyofanya, ili nanyi mpate kufanya.

Kwanza tuliukagua. Tuligonga kila nondo kwa nyundo ndogo, kama tunavyokagua reli. Nondo nzima hulia sauti safi. Iliyooza au iliyoachana na mahali ilipochomelewa hulia sauti nzito. Mbili zilikuwa zimeachana, na fundi akazichomelea. Nondo iliyoliwa na kutu hata ikabaki nusu ya unene wake haifai kuachwa. Ikatwe, itiwe nyingine.

Pili, tuliondoa kutu. Magamba makubwa tuliyakwangua kwa kipande cha bapa, kisha tukasugua kwa brashi ya waya na msasa. Penye kutu iliyoingia ndani tulifunga matambara yaliyoloweshwa siki, tukayaacha usiku kucha. Siki ni asidi, nayo hulegeza kutu. Ila msiiache siku nyingi, maana ikimaliza kutu huanza kula chuma chenyewe. Asubuhi tuliosha kwa maji ya moto na sabuni, tukasuuza vizuri.

Tatu, tuliukausha pale pale juu ya moto. Hapa wengi hukosea. Huosha wavu wakauegemeza ukutani ukauke wenyewe, na kesho yake wakaona wekundu umerudi. Kutu huzaliwa na chuma, maji na hewa vikikutana, na chumvi huharakisha kazi hiyo. Ndiyo maana wavu uliopakwa maji ya chumvi na ndimu ya nyama ukaachwa hivyo huharibika upesi zaidi.

Nne, tuliupaka mafuta. Tulichukua kitambaa chenye mafuta ya kupikia kidogo sana, tukapaka kila nondo juu na chini, kisha tukafuta kama kwamba twataka kuyaondoa yote. Tukauweka juu ya makaa mpaka ukatoa moshi na moshi ukakoma. Tukarudia mara tatu. Mafuta yakipata joto kali hugeuka kuwa ngozi ngumu nyeusi inayoshikamana na chuma, na ngozi hiyo huzuia maji, tena nyama haigandi sana. Lakini ukipaka mafuta mengi yatakuwa utomvu wa kunata. Vijana wetu walidhani mafuta mengi ni baraka nyingi, ikabidi tukwangue tuanze tena.

Basi hiyo ndiyo kazi ya kufufua. Kazi ya kutunza ni nyepesi zaidi. Kabla ya kuweka nyama, acha wavu upate moto vizuri, usugue, kisha pitisha kipande cha mafuta ya mkia wa kondoo kilichochomwa kwenye uma mrefu. Ukimaliza kuchoma, uache juu ya makaa yanayokufa kwa dakika chache, mabaki yawe majivu, halafu sugua ungali una joto. Msimwagie maji baridi wavu wa chuma cha kusubu ulio moto, waweza kupasuka. Na usipotumika, utundikwe ndani pakavu, usilazwe chini.

Wazee wetu waliojua injini za moshi walikuwa na somo la namna hii. Injini iliyochoma kuni au makaa ya mawe ilikuwa na vyuma vya kushikilia moto, na hewa ilipanda kutoka chini kupitia katikati ya vyuma hivyo. Mtia moto aliyeacha takataka ziyeyuke na kuzibana nafasi zile alikosa mvuke mlimani, na gari zima likasimama. Jiko la nyama ni hivyo hivyo. Majivu yakijaa chini, moto haupumui. Hutoa moshi, na nyama huiva nje ikawa mbichi ndani. Toa majivu kwanza. Tena ngoja makaa yavae jivu jeupe ndipo uweke nyama, kwa maana mafuta yanayodondokea mwali huleta moshi mweusi usio mzuri kwa mwili.

Ndugu zetu, sasa twataka kusema mambo manne ya hatari, na hapa tunaomba msikilize sana, hasa ninyi wa karakana na wa njia.

La kwanza ni chuma chenye zinki. Wavu wa kuku, waya wa ua, na vyuma vingi ving'aavyo vya kijivu vimepakwa zinki ili visishike kutu. Ni rahisi kuvipata, na mtu huona ameokota bahati. Lakini zinki huyeyuka kwenye joto la digrii 420, na chuma hicho kikichomelewa au kikitiwa moto mkali sana hutoa moshi mweupe. Mwenzetu mmoja alichomelea jiko kwa chuma cha namna hiyo ndani ya chumba kilichofungwa. Usiku alitetemeka, akapata homa, na mdomoni aliona ladha kama ya chuma. Akadhani ni malaria. Mafundi wengi wameipata homa hiyo, nayo kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili; lakini kifua kikibana mtu aende kwa daktari asingoje. Tena asidi ya ndimu na siki huiyeyusha zinki ikaingia katika chakula. Kwa hiyo wavu wa nyama uwe wa chuma kitupu au cha namna isiyoshika kutu, usiwe wa zinki wala wa rangi.

La pili ni mafuta ya mashine. Tumeona watu wakipaka wavu oili chafu iliyotolewa katika injini, ati ni mafuta kama mafuta mengine. Sivyo. Oili hiyo ina masizi na vumbi la vyuma vya injini. Isiguse kitu cha chakula. Dizeli na mafuta ya taa vivyo hivyo, hata kwa kuoshea.

La tatu ni mataruma ya mbao. Yale ya zamani, ya madarajani na ya njia panda, yalitiwa krosoti ili yasioze wala yasiliwe na mchwa. Krosoti hutokana na lami ya makaa ya mawe. Taruma la zamani huwaka vizuri, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa kuwa moshi wake ni sumu na hudhuru mwili pole pole. Msilitumie kuchoma nyama, wala msimpe mama nyumbani alipikie. Twajua kuni ni ghali. Lakini anayevuta moshi ule kila siku ni mkeo na mtoto aliye mgongoni.

La nne ni brashi ya waya yenyewe. Tulisema tuliitumia kuondoa kutu, na ni kweli, lakini baadaye tuliosha na kufuta kila nondo. Brashi iliyochakaa hutoa vinyweleo vya waya vinavyoganda kwenye wavu, kisha huingia katika nyama. Huko Marekani madaktari wa Rhode Island walieleza mwaka 2012 habari za watu sita waliomeza waya hizo; wengine ziliwachoma kooni, wengine tumboni hata wakapasuliwa. Basi kwa kazi ya kila siku tumieni gunzi la mahindi. Halina gharama, limejaa kwetu, na likichakaa hutupwa motoni. Nusu ya kitunguu iliyochomwa kwenye uma nayo husafisha vizuri wavu ulio moto.

Twajua wako watakaosema, "Haya ni mambo madogo." Lakini fikirini. Mama auzaye nyama karibu na stendi ya Makutano au ya Runyenjes, wavu wake ni chombo chake cha kazi kama spana ilivyo chombo chetu. Ukiharibika, anapoteza riziki ya siku. Wengi wa mama hao ni wake zetu na dada zetu. Tukienda nyumbani mwisho wa mwezi, tusikae tu kungojea sahani. Tuukague wavu, tugonge nondo, tuchomelee iliyoachana. Mkono unaokaza misumari ya reli hauwezi kushindwa na jambo hilo.

Na kwa wavu wa genge, sisi tumeweka utaratibu. Jina la mwenye zamu huandikwa kwa chaki mlangoni, nyapara naye amo katika zamu kama wengine. Mwenye zamu halali mpaka wavu umesuguliwa, umepakwa mafuta, umetundikwa. Tangu tuweke utaratibu huo hatujagombana tena, na wavu ule uliokuwa mwekundu kama udongo ungali ukitumika.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliona ufa mapema, na sanduku letu likawa na kitu siku mwenzetu alipolia. Twaomba kila tawi lifanye hivyo hivyo.