Nomino, Ngeli na Aina za Maneno: Mafunzo kutoka Ufukoni mwa Ziwa Victoria

Utangulizi

Istilahi mbili hukutana katika kila kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Ya kwanza ni nomino, ambayo asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya jina. Ya pili ni ngeli, ambayo wataalamu wa Kiswahili huitaja kuwa imetokana na Kihaya, lugha ya ufuko wa magharibi wa Ziwa Victoria, kwa maana ya aina ya kitu. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba mwanafunzi anayefundishwa ya kwanza bila ya pili hupewa nusu ya maarifa, na upungufu huo humgharimu anapovuka kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Mifano inatolewa Mwanza na Ukerewe, ambako mtoto mmoja huweza kutumia Kisukuma au Kikerewe nyumbani, Kiswahili katika shule ya msingi na Kiingereza katika sekondari.

Asili ya aina nane

Orodha ya aina nane za maneno haikutungwa kwa ajili ya Kiingereza, sembuse Kiswahili. Huhusishwa na Dionysius Thrax, mwanasarufi wa Kigiriki wa karne ya 2 kabla ya Kristo. Katika orodha yake kivumishi hakikuwa na nafasi ya peke yake. Kilihesabiwa ndani ya nomino, kwa kuwa katika Kigiriki maumbo ya viwili hivyo hubadilika kwa namna zinazofanana. Wanasarufi wa Kilatini, ambao lugha yao haina kibainishi kama kile cha Kigiriki, walikiacha, wakaongeza kihisishi, na idadi ikabaki nane. Kiingereza kilirithi mgawanyo huo na kuurekebisha, kisha ukaingia katika vitabu vya Kiswahili. Historia hiyo inafundisha jambo moja: aina za maneno hupimwa kwa tabia ya maneno katika lugha husika, wala si kwa orodha iliyokwisha kuandaliwa kwingine.

Chukua neno la Kiingereza *fish*. Huweza kuwa nomino au kitenzi, umoja au wingi, bila kubadilika hata herufi moja. Aina yake hujulikana kwa mahali linapokaa katika sentensi na kwa maneno yanayolizunguka. Kiswahili hubainisha hayo kwa maumbo: kuvua, mvuvi, wavuvi, uvuvi. Vivyo hivyo shina -sukuma, ambalo kwa wenyeji lina maana ya kaskazini, hutoa Msukuma, Wasukuma, Kisukuma na Usukuma. Mtu, watu, lugha na nchi hutofautishwa na viambishi tu. Mwanafunzi aliyelelewa katika mfumo huu hutafuta alama mwanzoni mwa neno. Asipoambiwa kwamba Kiingereza huweka alama nyingi katika mpangilio wa maneno, atakariri fasili na kushindwa kuitumia.

Nomino kama mtawala wa sentensi

Fasili iliyozoeleka husema kwamba nomino ni jina la mtu, mahali au kitu. Fasili hiyo haitoshi. Katika sentensi "Kuvua dagaa usiku kunahitaji taa", neno "kuvua" si mtu, si mahali wala si kitu cha kushikika. Hata hivyo linafanya kazi ya nomino, kwa sababu limekiamuru kitenzi kichukue ku-. Ushahidi haumo katika maana pekee, bali katika upatanisho.

Sangara, waliopandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, wanatoa mfano mwingine. Husemwa "sangara mkubwa amevuliwa" na "sangara wakubwa wamevuliwa". Nomino yenyewe haikubadilika. Idadi imebebwa na maneno yanayoitii. Kiswahili Sanifu kimeiweka katika ngeli ya A-WA pamoja na sato na furu, kwa kigezo cha uhai. Mitaani, hata hivyo, husikika pia "samaki ya kukaanga" badala ya "samaki wa kukaanga". Huo ni mvutano wa vigezo viwili, umbo la neno na uhai wa kinachotajwa, nao unastahili kuelezwa darasani kabla ya kusahihishwa.

Tatizo la maneno ya mahali

Soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza linajulikana kwa jina la Mwaloni. Mwalo ni mahali mitumbwi inapofikia na kushusha samaki. Katika sentensi "Wavuvi wamerudi mwaloni", neno hilo huweza kuitwa kielezi. Lakini katika "Mwaloni pamejaa watu" na "Mwaloni kumechangamka" linatawala kitenzi kama nomino yoyote. Wanaoliita kielezi popote linapotokea hulipima kwa tafsiri yake ya Kiingereza, ambayo huhitaji kihusishi na nomino. Ngeli ya PA-KU-MU huliona neno kwa kazi linayofanya.

Nomino isiyotajwa

Uwezo wa ngeli huonekana zaidi nomino inapokosekana. Mvuvi akisema "limechanika", wenzake hulitazama tanga; akisema "umechanika", huutazama wavu. Kiingereza hutumia kiwakilishi kimoja kwa vyote viwili.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe (1896–1981) alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Tafsiri ya Kiswahili aliyoifanya mwenyewe ilichapishwa mwaka 1980 kwa jina la *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali*. Jina Ntulanalwo ni sentensi nzima iliyogeuka nomino, yenye maana ya kuishi nacho kifo. Kifo chenyewe hakikutajwa. Kimebaki katika -lwo, alama ya ngeli yake. Jina Bulihwali nalo ni sentensi, tena ya kuuliza majonzi yatakoma lini. Wazazi waliozika watoto waliweza kulinyamazia neno na bado likasikika.

Hitimisho

Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Kiingereza wanahitaji kusemezana. Wa kwanza aonyeshe kwamba nomino hujulikana kwa upatanisho inaouamuru. Wa pili aonyeshe kwamba katika Kiingereza hujulikana zaidi kwa nafasi yake. Mwanafunzi wa Mwanza haji darasani mikono mitupu. Kabla hajasikia neno nomino, amekwisha kuzitumia ngeli kwa usahihi katika lugha ya mama yake. Sarufi inayoanzia hapo humpa jina la kitu anachokijua. Inayoanzia kwingine humfanya mgeni katika maarifa yake mwenyewe.