Bomba la Pamoja la Hewa Ukaa: Mwambao wa Kabonga na Rumonge Usimame Wapi?

Mada niliyopewa ni viwanda kushirikiana kunasa na kuhifadhi kaboni dayoksaidi. Tuanzie inakofanyika. Huko Norway, kiwanda cha saruji cha Brevik hunasa hewa hiyo na kuigeuza kimiminika, meli huipeleka Øygarden, kisha bomba huisukuma hadi kwenye miamba iliyo mita 2,600 chini ya sakafu ya bahari. Hifadhi hiyo, Northern Lights, ilianza kupokea mzigo mwaka 2025, na awamu yake ya kwanza inabeba tani milioni 1.5 kwa mwaka. Mwenye Brevik ni Heidelberg Materials, kampuni hiyohiyo inayomiliki sehemu kubwa ya Twiga Cement ya Wazo Hill, Dar es Salaam. Mwenye mali ni mmoja, lakini Wazo Hill haina bomba. Tofauti ni mlipaji: Norway, serikali ilibeba karibu theluthi mbili ya gharama. Bomba la namna hii hujengwa kubwa kabla wateja hawajajaa, na nafasi iliyo tupu lazima iwe na mlipaji.

Kwetu Burundi nani angelijaza? Kiwanda cha saruji cha Buceco, Cibitoke, husaga klinka, yaani malighafi ya saruji iliyokwisha kuchomwa nje ya nchi, na zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya saruji hutoka pale mawe ya chokaa yanapochomwa, yaani huko nje. Basi mtu akifika mwambaoni Kabonga na ramani ya bomba, aulizwe kwanza kiwanda chake kiko wapi.

Jirani yetu, ziwa Kivu, lina la kutufunza zaidi. Maji yake, yanayotushukia kwa mto Rusizi, yamefungia kilindini takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani. Tangu 1963 kiwanda cha bia cha Gisenyi kilikuwa kikitumia methani hiyo. Leo mtambo wa umeme wa KivuWatt, Karongi nchini Rwanda, huzalisha megawati 26. Gesi huoshwa kwa maji, methani ikaenda kwenye mitambo, na sehemu kubwa ya kaboni dayoksaidi ikarudishwa ziwani. Irudishwe kina gani? Mwaka 2009 wataalamu waliandika kanuni za jambo hilo, maana matabaka ya ziwa yakivurugwa gesi inaweza kufumka. Ziwa Nyos la Kamerun liliua watu wapatao 1,700 mwaka 1986.

Kwa hiyo napinga mapema wazo lolote la kuzamisha hewa ukaa katika ziwa Tanganyika, hata kama kina cha mita 1,470 kinatamanisha. Upepo wa kusi hupandisha maji ya chini yenye rutuba, na samaki wetu, ndagala na mukeke, huishi kwa rutuba hiyo. Tena ziwa ni la nchi nne, zilizotia saini mkataba wake Dar es Salaam mwaka 2003.

Kinachowezekana hapa ni kidogo, na mimi nakipenda zaidi. Vinu vidogo vya mawese vya Rumonge huchemsha chikichi kwa kuni, na maji machafu yake yakioza hutoa methani, gesi kali kuliko kaboni dayoksaidi kwa kuongeza joto la dunia. Vinu vinavyopakana vinaweza kuchangia tangi moja la kuozesha maji hayo, gesi yake ikarudi jikoni kwenye mapipa ya kuchemshia chikichi. Fundi wa kulijenga atapatikana. Naomba kikao hiki kijadili msimu wa mavuno haba: kinu kikifungwa kwa miezi kadhaa, mwenyewe aendelee kuchangia matunzo, au mzigo wake ubebwe na waliobaki?