Sauti nyuma ya mchezo: Jinsi watunzi wa muziki wa michezo ya video wanavyochaguliwa

Mwaka 2011 wimbo wa Kiswahili ulioandikwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta ulitunukiwa tuzo ya Grammy nchini Marekani. Nyuma ya ushindi huo limo swali linalowagusa wanamuziki wengi: nani hupewa kazi ya kutunga muziki wa michezo hiyo, na hupewa kwa njia gani?

Tarehe 13 Februari mwaka 2011, mjini Los Angeles, mtunzi Christopher Tin alitangazwa mshindi wa tuzo ya Grammy kwa upangaji wa muziki wa wimbo uitwao "Baba Yetu". Maneno ya wimbo huo ni Sala ya Bwana kwa lugha ya Kiswahili. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa utungo ulioandikwa kwa ajili ya mchezo wa video kupata tuzo hiyo.

Msikilizaji aliyeko Muscat, Birmingham au Minneapolis huenda hajawahi kucheza mchezo wowote wa kompyuta, lakini si ajabu akawa amewahi kuusikia wimbo huo. Umekwisha imbwa na kwaya katika nchi nyingi, na ni miongoni mwa nyimbo zilizowahi kuchezewa na maji ya chemchemi mashuhuri ya Dubai.

Wimbo huo ulianza safari yake mwaka 2005, ulipowekwa mwanzoni mwa mchezo wa Civilization IV, uliotengenezwa na kampuni ya Firaxis ya jimbo la Maryland. Katika mchezo huo mchezaji huongoza taifa tangu zama za kale hadi zama za vyombo vya angani. Wakati huo Christopher Tin, mzaliwa wa California ambaye wazazi wake walihamia Marekani kutoka Hong Kong, hakuwa mtunzi mwenye jina. Aliipataje basi kazi hiyo?

Jibu ni la kibinadamu mno. Mbunifu mkuu wa Civilization IV, Soren Johnson, alikuwa amekaa chumba kimoja na Tin walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Johnson alikuwa akiujua uwezo wa mwenzake, akamtafuta. Walioimba wimbo huo kwa ajili ya mchezo walikuwa kikundi cha wanafunzi wa chuo hicho hicho, kiitwacho Talisman, ambacho Tin mwenyewe aliwahi kuwa mwanachama wake. Na maneno ya Kiswahili yalipangwa kwa msaada wa Chris Kiagiri, Mkenya aliyekuwa naye katika mduara huo wa waimbaji. Hapakuwa na shindano lililotangazwa gazetini, wala foleni ya waombaji mlangoni.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini katika sekta hii ya muziki, mgeni asiye na mwenyeji ndani hupata shida hata ya kuujua mlango ulipo. Kufahamiana ni njia ya kwanza, na pengine ndiyo ya kale kuliko zote. Hata hivyo si njia ya pekee.

Njia ya pili ni ile ya tangazo la kazi. Mwaka 1984 kijana Koji Kondo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sanaa cha Osaka, aliona tangazo la kampuni ya Nintendo iliyokuwa ikitafuta watu wa kazi ya sauti. Akaomba, akaajiriwa. Mwaka uliofuata, yaani 1985, alitunga muziki wa Super Mario Bros. Mashine ya wakati huo iliweza kutoa sauti chache tu kwa mara moja, naye ikambidi aijenge tuni ambayo isingemchosha mtoto hata akiisikia mara mia kwa siku. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza muziki huo katika orodha ya rekodi za sauti zinazostahili kuhifadhiwa daima, na huo ukawa muziki wa kwanza wa mchezo wa video kupata heshima hiyo.

Njia ya tatu ni ya mtunzi kuonekana kwa kazi yake au kwa jina lake, wakati mwingine bila kutarajia. Nchini Japani, Koichi Sugiyama alikuwa tayari mtunzi anayejulikana katika televisheni alipojaza kadi ya maoni kuhusu mchezo wa shogi wa kampuni ya Enix. Kadi hiyo ilipofika, wafanyakazi wa kampuni walilitambua jina lake, wakamwendea. Matokeo yake yalikuwa muziki wa Dragon Quest wa mwaka 1986. Miaka 35 baadaye, tarehe 23 Julai mwaka 2021, muziki wa mchezo huo ulisikika wanariadha wa mataifa yote walipokuwa wakiingia uwanjani katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya Tokyo.

Kuna pia njia ya nne, iliyoletwa na intaneti. Daniel Rosenfeld wa Ujerumani, ajulikanaye kwa jina la C418, alikuwa kijana anayetunga muziki nyumbani. Katika mazungumzo ya mtandaoni alikutana na Markus Persson wa Sweden, aliyekuwa akijenga mchezo mdogo kwa mkono wake mwenyewe. Mchezo huo ni Minecraft. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba ungekuja kuchezwa na mamilioni ya watoto duniani kote, wala kwamba mwaka 2014 kampuni ya Microsoft ingeununua pamoja na kampuni yake kwa dola bilioni 2.5.

Hizo ni njia za kuufikia mlango. Lakini studio kubwa huchagua vipi mtunzi pindi waombaji wanapokuwa wengi?

Kwa kawaida mwenye kauli ni mkurugenzi wa sauti, akishauriana na mkurugenzi wa mchezo wenyewe. Kabla ya mtunzi yeyote kupatikana, mchezo mara nyingi huwekewa muziki wa muda, uliochotwa kutoka filamu au michezo mingine, ili wabunifu waone ni mwelekeo gani unafaa. Kisha huandaliwa orodha fupi ya watunzi, wengine wakiletwa na mawakala wao, wengine wakipendekezwa na wenzao. Wachache walio juu ya orodha hupewa mtihani: maelezo ya tukio, picha kadhaa, pengine dakika moja au mbili za video, na muda mfupi wa kuandika muziki unaolingana. Yote hayo hufanywa chini ya hati ya kutunza siri, kwa kuwa mchezo bado haujatangazwa. Studio zenye uungwana hulipia kazi hiyo ya majaribio. Lakini wapo watunzi wanaofanya majaribio mengi bila malipo, na muziki wao haumfikii msikilizaji yeyote.

Katika mtihani huo uzuri wa tuni peke yake hautoshi, na hapa ndipo muziki wa mchezo unapoachana na muziki wa filamu. Katika filamu, mtunzi anajua kwamba tukio la kufukuzana lina dakika 2 na sekunde 10, basi. Katika mchezo, mchezaji mmoja atavuka daraja kwa nusu dakika, na mwingine atasimama hapo saa nzima akitazama mto. Kwa hiyo muziki lazima uweze kujirudia bila mshono kusikika. Lazima pia uandikwe kwa matabaka: ngoma peke yake wakati wa utulivu, nyuzi zikiongezeka adui anapokaribia, na tarumbeta mapambano yanapoanza. Vipande hivyo huunganishwa na programu maalumu kama Wwise na FMOD. Mtunzi asiyejua namna programu hizo zinavyofanya kazi huwapa wahandisi mzigo, na mkurugenzi wa sauti hulipima hilo.

Jambo jingine linalopimwa ni uvumilivu. Mchezo mkubwa hutengenezwa kwa miaka kadhaa, hadithi hubadilika, sehemu nzima hufutwa. Mtunzi anayekasirika kila kazi yake inaporudishwa hawezi kudumu katika safari hiyo.

Anayedumu, hata hivyo, anaweza kufika mbali. Michael Giacchino wa Marekani alianza kujulikana kwa muziki wa okestra alioutungia mchezo wa Medal of Honor mwaka 1999. Mtengenezaji wa filamu J.J. Abrams aliusikia muziki wake wa michezo, akamwita katika televisheni. Mwaka 2010 Giacchino alipata tuzo ya Oscar kwa muziki wa filamu iitwayo Up. Siku hizi watu huvuka kutoka pande zote mbili. Gustavo Santaolalla wa Argentina, aliyekuwa tayari na tuzo mbili za Oscar, ndiye aliyetunga muziki wa mchezo wa The Last of Us wa mwaka 2013.

Baada ya kuchaguliwa hufuata mkataba, na hapo ndipo penye uzito. Malipo mara nyingi huhesabiwa kwa kila dakika ya muziki uliokamilika. Mikataba mingi huihesabu kazi hiyo kuwa ya kuajiriwa, na chini ya sheria ya Marekani maana yake ni kwamba mwajiri ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye kazi tangu mwanzo. Aidha, muziki wa televisheni humletea mtunzi mrabaha kila unaporushwa hewani, ilhali mchezo unaochezwa sebuleni kwa kawaida haumletei chochote zaidi ya malipo ya awali. Rosenfeld wa Minecraft hakuziuza haki za muziki wake, na uamuzi huo umempa sauti ambayo watunzi wengi wa michezo hawana. Albamu yake ya mwaka 2011 nayo iliingizwa katika orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2025.

Kwa Christopher Tin pia, njia ya kuifikia Grammy ilipitia katika albamu. Aliurekodi upya wimbo wa "Baba Yetu" pamoja na kwaya ya Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini, akauweka katika albamu yake Calling All Dawns ya mwaka 2009. Rekodi hiyo ndiyo iliyotuzwa, si ile ya ndani ya mchezo. Kundi maalumu la tuzo za muziki wa michezo ya video lilikuja kuanzishwa baadaye, na mshindi wake wa kwanza, mwezi Februari mwaka 2023, alikuwa Stephanie Economou, kwa muziki wa Assassin's Creed Valhalla: Dawn of Ragnarök.

Na wazungumzaji wa Kiswahili wamesimama wapi katika haya yote? Mwezi Aprili mwaka 2024 ulitoka mchezo wa Tales of Kenzera: Zau, uliobuniwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, baada ya kufiwa na baba yake. Hadithi yake imechota katika visakale vya Wabantu, na mchezaji anaweza kuchagua kuwasikia wahusika wakizungumza Kiswahili. Muziki wake ulitungwa na Nainita Desai, mtunzi wa Uingereza mwenye asili ya India, ambaye kabla ya hapo alikuwa amekwisha tunga muziki wa filamu za maisha halisi na wa michezo mingine.

Mifano hiyo miwili, wa 2005 na wa 2024, inafanana katika jambo moja. Kiswahili kiliingia studioni na kikasikika duniani, lakini mtunzi aliyepewa kalamu alitoka katika mduara mwingine. Hapo hapana dhuluma ya kumlaumu mtu. Tin alikuwa rafiki aliyeaminika, na Desai alikuwa na kazi zilizomtangulia. Lakini fundi wa muziki wa Tanga au Bujumbura, mwenye kompyuta moja na sikio zuri, hana rafiki wa chumbani anayebuni mchezo huko Maryland.

Kwa kijana kama huyo, historia inaonyesha kwamba mlango umewahi kufunguliwa kwa tangazo ubaoni, kwa kadi ya maoni, na kwa mazungumzo ya mtandaoni na mtu ambaye naye alikuwa bado hajulikani. Rosenfeld na Persson walianza wote wakiwa wadogo. Na katika miji ya Afrika Mashariki wapo leo vijana wanaojenga michezo yao ya kwanza, ambao nao wanahitaji muziki. Mtunzi atakayekutana nao mapema, akajifunza kazi ya matabaka na mishono, na akausoma mkataba wake kabla ya kuutia saini, hatalazimika kusubiri kuitwa kutoka mbali.