Bei ya Mkeka Ianzie kwenye Ukili

Hotuba kwa wasusi wa mikeka na wakazi wa Pwani



Mnunuzi akiona mkeka umetandazwa sokoni, huuliza bei kwa kuangalia upana na rangi. Siku zilizomo hazioni. Kazi ilianzia kwenye mkindu, penye unyevu kando ya mto, mama alipochagua kuti changa ambalo halijafunguka. Ukindu ukaanikwa juani hadi ukawa mweupe, ukachanwa kuwa chane nyembamba, na nyingine zikachemshwa kwenye sufuria ya rangi. Ndipo ukasukwa ukili, utepe mrefu unaoviringishwa kadiri unavyorefuka. Mwisho kabisa ukili ukashonwa, ukingo kwa ukingo, hadi ukawa mkeka. Kushona ndiko husifiwa. Lakini muda mwingi umeliwa na ukili, unaosukwa katikati ya mapishi, shamba na mazungumzo ya barazani, wala hakuna anayeuhesabu.

Mtoto hapewi mkeka kujifunzia. Hupewa ukili wa kawaida, usio na rangi. Akikosea, nyanya hufumua na kumrudishia. Uchane mmoja ukiruka, nakshi yote hupinda. Aliyefunzwa hivyo huisoma nakshi kwa vidole. Lakini akiona mamake amesuka majuma mengi, kisha broka akatoa bei ya mkeka wa plastiki, ataacha, na nani wa kumlaumu?

Vikundi vya wasusi, kabla ya kutaja bei hesabuni ukindu, rangi, nauli na siku za ukili. Uzeni pamoja inapowezekana, maana broka humbana zaidi mama aliye peke yake. Wanaokata makuti nao wasimalize kila shina. Machipukizi yaachwe yakue.

Kuna na jambo la sheria. Kifungu cha 11 cha Katiba kinataka jamii zilipwe utamaduni wao unapotumiwa, na sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi imezipa serikali za kaunti jukumu la kuyasajili na kuyahifadhi. Nakshi ambayo haijaandikwa popote ni vigumu kuidai ikiigwa. Basi wanaozijua nakshi wazitaje kwa majina, vijana waandike na kupiga picha, na orodha ifikishwe kwa afisa wa utamaduni wa kaunti. Waanze na bikizee aliye mkongwe zaidi katika kila kikundi.