HOTUBA JUU YA VIJANA WANAOJIUA
(Ilisomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)

Kamati ilituagiza tuseme juu ya vijana, nasi tumechagua neno zito ambalo si desturi kulitaja mkutanoni. Mtuwie radhi.

Huko Marekani wengi walishika kwa muda mrefu kwamba kujiua ni msiba wa wazungu, na kwamba mtu mweusi, kwa kuwa amezoea taabu, hajitoi roho. Mwaka 2018 wataalamu walichapisha hesabu ya vifo vya miaka 2001 hata 2015. Ikaonekana kwamba miongoni mwa watoto wa miaka 5 hata 12, weusi walijiua kwa kadiri iliyo karibu mara mbili ya wazungu. Utazameni umri huo, wazee. Huyo ndiye mtoto tunayemtuma dukani.

Mwezi wa Aprili 2019 wajumbe weusi wa Bunge la Marekani waliunda halmashauri ya dharura, mwenyekiti wake Bibi Bonnie Watson Coleman wa New Jersey. Desemba ikatoka taarifa yao, ambayo jina lake maana yake ni "Pigeni Kengele", wakidai uchunguzi zaidi na matunzo bora kwa watoto hao. Mswada ukaandikwa. Baraza la Wawakilishi likaupitisha mwaka 2020, na tena 2021, lakini haukupita katika Seneti. Sisi tuliowahi kuandika barua za kuomba daraja twafahamu mwendo huo. Lakini neno moja lilitimia, nalo ni kwa watu wote, weusi na weupe: tangu 16 Julai 2022 mwenye dhiki katika nchi ile hupiga simu namba 988, tarakimu tatu mahali pa kumi, akapata mtu wa kumsikiliza usiku na mchana.

Hapa Kenya, aliyejaribu kujiua alihesabiwa mkosaji, hata Mahakama Kuu ilipotamka, Januari 2025, kwamba kifungu kile cha 226 kinapingana na Katiba.

Sasa twaungama. Sisi ndio tuandikao daftari la mfuko wa mazishi. Imo mistari miwili, ya vijana wawili, ambapo tuliandika "homa ya ghafula". Haikuwa homa, na wengi mliokuwapo matangani mwajua. Jamaa zao waliomba hivyo, wala hatuwalaumu, maana kuna mzee aliyeuliza kama mtu wa namna hiyo astahili sanda ya chama. Lakini kama Wamarekani wangaliandika homa, halmashauri ile isingaliundwa.

Twaomba kamati iamue leo: msaada utolewe sawasawa kwa kila mfiwa, na karani aruhusiwe kuandika sababu ya kweli, katika daftari la siri ikibidi. Baba wa yule kijana wa pili yumo humu ukumbini. Alitujia jana jioni, akatuambia tuseme.