Risasi ya Pili

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi mliovaa sare za jeshi na za polisi, jioni hii tunataka kuzungumza juu ya kitu kidogo ambacho wengi wenu mnacho kiunoni wakati huu huu mnapotusikiliza, na ambacho wengine wenu hamjakifungua tangu mwezi uliopita. Kitu hicho ni bastola. Na swali letu ni hili: kwa nini bastola hupiga risasi ya kwanza vizuri, kisha ikaikataa ya pili?

Tuanzie Gumbo. Anayetoka Juba kwa njia ya kwenda Nimule huvuka Mto Nile, akaingia Gumbo, ng'ambo ya mashariki. Hapo ndipo yanapopita malori yanayoleta shehena kutoka Mombasa na Kampala. Hapo utasikia Kibari, utasikia Kiarabu cha Juba, na utasikia Kiswahili cha madereva na cha vijana waliokulia kambini Kakuma. Barabara kuu imetiwa lami tangu mwaka 2012, lakini ukiiacha hatua chache tu, unakanyaga udongo mtupu. Kuanzia Desemba hadi Machi vumbi lake huingia machoni, huingia chakulani, na huingia ndani ya mkoba wa bastola. Halafu huja mvua, na lile lililokuwa vumbi huwa tope.

Sasa mfikirie askari mmoja wa zamu ya usiku mahali hapo. Hatumtaji jina kwa sababu ni yeyote kati yenu. Amekutana na mtu mwenye silaha, mtu huyo amefyatua, naye amejibu kwa risasi moja. Anavuta kifyatulio mara ya pili. Kimya. Gizani hajui kama risasi zimekwisha, kama ganda limenasa, au kama magazini imechomoka. Basi hutokea moja kati ya mambo mawili. La kwanza kila mtu analielewa, na wajane wanalielewa zaidi. La pili halisemwi sana: kwa hofu na haraka, askari huanza kupigana na bastola yake badala ya kupigana na adui, anaivuta huku na huku, kidole kingali juu ya kifyatulio, mdomo wa mtutu umeelekea nyumba za watu. Bastola iliyokuwa imekataa, ghafla inakubali. Na ukuta wa bati, ndugu zangu, hauzuii risasi ya milimita 9. Nyuma ya bati hilo kuna mtoto amelala.

Ndiyo maana tunasema kwamba kukwama kwa bastola si jambo la fundi peke yake.

Zamani za King's African Rifles, maafisa walibeba bastola za silinda, Webley na Enfield. Silaha ile ilikuwa nzito, lakini ilikuwa na tabia moja njema: risasi ikikataa, ulivuta tena, silinda ikazunguka, ikaleta nyingine. Nguvu zote zilitoka katika kidole cha mpigaji. Bastola ya siku hizi, inayojijaza yenyewe, haiko hivyo. Yenyewe hukopa nguvu kutoka risasi iliyopita ili iipokee ijayo. Baruti inapowaka, slaidi, yaani ile sehemu ya juu, hurudi nyuma. Inaporudi, kucha ndogo ya chuma hulivuta ganda kutoka chemba na ganda hutupwa nje. Wakati huo huo springi ya magazini huisukuma risasi nyingine juu. Slaidi ikirudi mbele huibeba, huipandisha kwenye mteremko mdogo ulio chini ya chemba, na kuiingiza. Haya yote hutendeka kabla hujapepesa jicho. Hatua moja ikichelewa, zote zimeharibika.

Na hatua inayochelewa mara nyingi kuliko nyingine ni ile ya magazini. Askari wetu wengi huihesabu magazini kama mfuko wa kuchukulia risasi. Sivyo hata kidogo. Magazini ni mashine. Ile midomo miwili ya juu ndiyo inayoishika risasi kwa pembe inayotakiwa na kuiachia kwa wakati unaotakiwa. Ikipinda kwa kiasi usichokiona kwa jicho, risasi itaingiza pua yake chini ya mteremko, au zitatoka mbili kwa pamoja. Ipindweje? Iangushe mara moja juu ya saruji ikiwa imejaa. Au ifungulie chupa ya soda, kama tulivyokwisha kuona.

Waliobuni silaha hizi waliujua udhaifu huo. Fyodor Tokarev, Mrusi aliyetengeneza ile bastola ya TT ambayo imeenea sana Afrika, hakuiamini magazini hata kidogo. Akaichonga midomo ya kuongozea risasi ndani ya bastola yenyewe, ili hata magazini iliyobondeka iweze kulisha. Lakini Makarov iliyoifuata mwaka 1951 haina hila hiyo, wala Browning ya mwaka 1935 haina, wala hizi mpya zinazosifiwa madukani. Mwenye bastola hizo hana budi kuitazama midomo ya magazini yake.

Wako watakaosema kwamba silaha zetu ni kuukuu, na kwamba wenzetu matajiri hawana taabu hii. Haya, tuwatazame matajiri. Jeshi la Marekani lilipoingia Iraq mwaka 2003, lilikuwa na bastola aina ya Beretta M9, iliyochaguliwa mwaka 1985 baada ya majaribio marefu. Huko mchangani askari wakaanza kulalamika kwamba inakwama. Kumbe bastola haikuwa na hatia kubwa. Kasoro ilikuwa katika magazini. Zilikuwa zimepakwa utando mzito wa kukwaruza, kwa nia njema ya kuzikinga na kutu, na mchanga laini kama unga ukashikamana na utando huo, hata springi ikashindwa kuzipandisha risasi. Dawa yake haikuwa bastola mpya. Dawa yake ilikuwa magazini zenye ukuta laini. Jeshi lenye ndege zisizoonekana kwa rada lilishindwa na vumbi ndani ya kisanduku cha bati!

Na kinyume chake kipo. Mwezi Machi 1911, jeshi hilo hilo liliijaribu bastola ya John Browning kwa kupiga risasi 6,000. Ilipopata moto kupita kiasi ilitumbukizwa majini, kisha ikaendelea. Kwa mujibu wa taarifa ya jaribio hilo haikukwama hata mara moja. Watu hupenda kuisimulia hadithi hii kwa ajili ya kuisifu bastola. Husahau kusimulia kwamba kila baada ya risasi 1,000 ilisafishwa na kutiwa mafuta.

Turudi Gumbo. Tunajua kwamba vipuri ni vya shida. Mwezi Julai 2018 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliiwekea Sudan Kusini vikwazo vya silaha, vipuri vikiwamo, na mwezi Mei 2025 likavirefusha kwa mwaka mmoja zaidi. Ubishi juu ya uamuzi huo una mahali pake. Lakini hakuna azimio lolote la New York lililokataza kitambaa kikavu. Hakuna lililokataza kutia namba kwenye magazini kwa ncha ya msumari, ili ijulikane ni ipi inayokwama kila mara. Magazini isiyo na namba hukwama Jumatatu mkononi mwa koplo, hurudishwa ghalani, na Jumatano hukwama mkononi mwa sajini. Kila mmoja huilaani bastola, na mkosaji halisi yumo ndani ya sanduku pamoja na wenziwe, anangoja wa tatu.

Kuhusu mafuta, wengi wenu mnaitosa bastola kama mnavyokaanga samaki. Mahali pa vumbi, mafuta mengi hugeuka uji. Tone dogo katika njia za slaidi linatosha. Ndani ya magazini na ndani ya chemba pawe pakavu. Springi ya magazini nayo msiionee huruma isiyo na maana: iliyo njema huchoshwa zaidi na kubanwa na kuachiwa mara nyingi kuliko kukaa imebanwa. Lakini ikichoka hutupwa. Hainyoshwi kwa koleo.

Liko jambo jingine, ambalo huwapata hasa polisi. Kila zamu ikianza bastola hukokiwa. Ikimalizika, risasi hutolewa chemba. Kesho ni ile ile tena inayorudishwa. Kwa kugongwa kila siku kwenye ule mteremko, pua yake huzama kidogo kidogo ndani ya ganda. Risasi fupi hukwama. Na ikiwaka, mgandamizo wake hupita kipimo, nayo yaweza kuipasua bastola mkononi. Ilinganisheni na mpya kwa kuzisimamisha mezani bega kwa bega. Na kwa kuwa mikononi mwenu mna silaha za Mashariki na za Magharibi, jihadharini na neno hili «milimita 9». Risasi ya Makarov ina ganda la milimita 18, ya Parabellum milimita 19, wala vipenyo vyake havilingani. Kuzichanganya katika sanduku moja ni kutega mtego na kumwekea mwenzako.

Ikikwama, kwanza mtutu uelekee pasipo na watu na kidole kitoke kwenye kifyatulio. Gonga kitako cha magazini kwa kiganja, vuta slaidi kwa nguvu hadi mwisho, iachie yenyewe. Isipokubali, chomoa magazini, vuta slaidi mara mbili au tatu, weka magazini nyingine. Na shikeni bastola kwa mkono imara, kwa maana mkono uliolegea huinyima slaidi mahali pa kujisukumia.

Sasa neno kwa afande mwenye ghala la silaha. Askari akija kwako kusema kwamba bastola imekwama, unamwambiaje? Tumesikia jibu linalotolewa: wewe ndiye uliyeiharibu, utailipa. Mwezi ujao hatakuja. Ataiweka mkobani hivyo hivyo, na daftari lako litaendelea kusema «nzima» mbele ya kila namba, mstari baada ya mstari, kwa mwandiko mzuri. Umeandika «nzima» kwa sababu haijavunjika. Hukuijaribu. Huyo askari naye hajapewa risasi hata 10 za kuijaribu katika uwanja wa shabaha, kwa sababu risasi ni ghali. Basi tunamwacha aijaribu kwa mara ya kwanza usiku, kando ya barabara ya Nimule, na mtu mwingine akiwa upande wa pili.

Zamu ya usiku bado haijatoka. Uko muda wa kuzitoa magazini zote mezani, kuzimimina risasi, na kukibonyeza kwa kidole kile kibao cha ndani kimoja baada ya kimoja. Ambacho hakipandi chenyewe mpaka juu, magazini yake isitoke ghalani leo.